Kompyuta ya Kunasia Sauti Nyumbani: Tazama Utulivu Kabla ya Nguvu

Siku hizi, katika nyumba za kambi zetu na kota za polisi, imezuka hamu njema ya kunasa sauti. Kwaya za kanisani na vikundi vya kaswida hutaka nyimbo zao zisikike mbali. Vijana wenye vipaji hutunga nyimbo na kuziimba kwa gitaa. Wazee waliokuja kuwatazama wajukuu wao wamebeba vifuani hadithi, nasaba na mafumbo ambayo hayajaandikwa popote. Na askari anayeondoka kwa kazi ya miezi mingi ugenini, kama walivyoondoka wengi kwenda Somalia tangu mwaka 2007, angependa kuwaachia watoto wake sauti yake ikiwasomea hadithi kabla ya kulala.

Mtu akiisha kukata shauri, swali la kwanza analouliza ni hili: ninunue kompyuta gani? Akilipeleka swali hilo dukani, jibu mara nyingi huwa ni kompyuta iliyo kubwa na ya bei kuliko zote, yenye taa za rangi na sifa nyingi zilizoandikwa kwenye boksi. Hapo ndipo mshahara wa miezi kadhaa huondoka, na sauti inayopatikana ikawa haipendezi hata kidogo.

Makala haya yanataka kumsaidia ndugu msomaji aepukane na hasara hiyo. Kompyuta ya kunasia sauti haichaguliwi kama lori, kwa nguvu ya kubeba. Huchaguliwa kama mlinzi wa usiku: awe kimya, awe imara, asisinzie, na akitunze alichokabidhiwa. Mwenye kulielewa jambo hilo ataweza kununua kompyuta ya kadiri, labda hata iliyokwisha tumika, na fedha iliyobaki akaitumia mahali inapohitajika zaidi.

SAUTI ILIYOHIFADHIWA NI AKIBA

Yafaa kwanza tukumbuke kwa nini kazi hii ina uzito. Katika mwaka 1950 na tena mwaka 1952, Hugh Tracey alizunguka hapa Uganda akinasa muziki, ukiwamo ule wa majumba ya wafalme wa Buganda, Bunyoro na Ankole. Mwaka 1954 aliunda maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na sauti zile zikahifadhiwa humo. Mwaka 1967 falme hizo zilifutwa kwa katiba, na Buganda haikumtawaza Kabaka mwingine hadi mwaka 1993. Katika muda huo wapigaji wengi wa zamani walizeeka, wengine wakafariki. Leo anayetaka kusikia jinsi ngoma zile zilivyopigwa kabla ya kunyamaza, anaweza kuzisikia kwa sababu mtu fulani alizinasa mapema.

Wakati ule ilihitajika gari, mashine nzito na mafundi. Leo kazi hiyo hufanyika kwa mashine inayoingia katika mkoba wa mtoto wa shule. Basi jukumu la kuhifadhi limehama kutoka kwa wasafiri wachache na kuingia majumbani mwetu, na hapana budi tujue kulitimiza.

KOMPYUTA HUFANYA NINI?

Thomas Edison alipotengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, sindano ilichora mtetemo wa sauti juu ya karatasi nyembamba ya bati. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963 na ikaenea hadi vijijini kwetu, ilihifadhi mtetemo huo kwa sumaku. Kompyuta hufanya vingine. Yenyewe huhesabu.

Kipaza sauti hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme dhaifu. Chombo kidogo kisha hupima umeme huo mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Katika sahani za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kwa kila sekunde. Idadi hiyo haikuchaguliwa ovyo. Sikio zima la kijana husikia mitetemo ipatayo hadi 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo uhifadhiwe sawasawa, lazima upimwe zaidi ya mara mbili. Kwa kazi za filamu na televisheni hutumika vipimo 48,000.

Sasa tufanye hesabu. Sauti ya mtu mmoja, ikinaswa kwa kipimo cha CD, huchukua megabaiti zipatazo 5 kwa dakika, yaani kama megabaiti 317 kwa saa. Flashi moja ya gigabaiti 64 yaweza kubeba saa 200 za mazungumzo ya namna hiyo. Hata ukitumia kipimo kikubwa zaidi cha 48,000 chenye biti 24, ambacho ndicho kizuri kwa kazi ya uangalifu, saa moja ya sauti ya mtu mmoja haitazidi megabaiti 520.

Kwa hiyo kunasa sauti si mzigo mzito kwa kompyuta. Kompyuta ya miaka kumi iliyopita huweza kuinasa sauti ya bibi akisimulia, bila kutoka jasho. Uzito huanza pale mtu anaporundika sauti ishirini au thelathini pamoja, akaongeza mwangwi wa bandia, kisha akataka kompyuta yenyewe ipige kinanda, ngoma na zeze. Anayekusudia kazi hizo atahitaji mashine yenye nguvu. Asiyekusudia asilipie nguvu asiyoihitaji.

FENI NI ADUI WA KWANZA

Kipaza sauti hakina adabu ya sikio la mwanadamu. Sikio letu huzoea mvumo wa feni na kuusahau, lakini kipaza sauti hunasa yote bila kubagua: feni, jokofu, jenereta ya jirani, na mvua juu ya bati. Mvumo ulioingia pamoja na sauti haufutiki bila madhara. Zipo programu za kuupunguza, lakini zikitumiwa kupita kiasi huifanya sauti ya mtu isikike kana kwamba anazungumza ndani ya mtungi wa maji.

Kadiri kompyuta ilivyo na nguvu, ndivyo inavyotoa joto, na ndivyo feni inavyozidi kuvuma. Zile kompyuta za michezo ya video, zinazosifiwa sana madukani, mara nyingi ndizo zenye kelele kuliko zote. Zipo kompyuta zisizo na feni kabisa. Mfano mmoja ni MacBook Air yenye kichakataji cha M1, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020, ambayo ina nguvu ya kutosha kwa kazi nyingi za muziki na ilhali haitoi sauti yoyote. Zipo pia kompyuta ndogo za bei nafuu zisizo na feni, lakini nyingi kati ya hizo zina kichakataji dhaifu na kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Hizo zafaa kwa sauti moja au mbili, si zaidi.

Kelele nyingine hutoka katika diski. Diski za zamani ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, nazo huvuma na kukwaruza. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka. Ziko kimya, ni za haraka, na kompyuta ikitikiswa njiani haziumii upesi kama zile za sahani. Kwa familia inayohamishwa kutoka kambi hadi kambi, hiyo si faida ndogo.

Ukienda kununua, fanya jaribio hili. Iwashe kompyuta, fungua video au programu kadhaa kwa pamoja, na uiache ifanye kazi kwa dakika kumi na tano huku ukizungumza na mwuzaji mambo mengine. Kisha ipeleke mahali palipo kimya na utege sikio. Kama feni inavuma kama pasi ya mkaa inayopepewa, irudishe mezani kwa heshima. Mwuzaji asiyekubali jaribio la robo saa hastahili kupewa mshahara wako.

NGUVU KIASI GANI YATOSHA?

Mambo matatu hutazamwa: kichakataji, ambacho ni ubongo wa kompyuta, kumbukumbu, ambayo ni meza ya kufanyia kazi, na hifadhi, ambayo ni ghala.

Kwa kunasa masimulizi, mahubiri, mashairi au mwimbaji na gitaa lake, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na hifadhi ya SSD ya gigabaiti 256 zatosha. Kwa kwaya au bendi inayonaswa kwa vipaza sauti vingi, au kwa kijana anayetunga muziki kwa vyombo vya ndani ya kompyuta, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na hifadhi ya gigabaiti 512 ndizo zitakazompa raha. Tuseme kwaya imenaswa kwa vipaza sauti 8 kwa pamoja, kwa kipimo kile cha 48,000 na biti 24. Wimbo wa dakika 5 utachukua megabaiti zipatazo 350. Ukirudiwa mara kumi hadi usimame, ni gigabaiti 3.5 kwa wimbo mmoja. Nyimbo kumi ni gigabaiti 35. Ghala dogo hujaa upesi, na kompyuta iliyojaa huanza kusitasita.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa: je, kumbukumbu na diski za kompyuta hiyo zaweza kubadilishwa? Nyingi za ofisini za miaka iliyopita hufunguliwa kwa bisibisi na kuongezewa. Nyingi za kisasa zilizo nyembamba zimeunganishwa moja kwa moja, na ulichonunua ndicho utakachokufa nacho.

SAUTI INAPOCHELEWA

Kila askari aliyepata kuandamana nyuma ya bendi analijua jambo hili kwa miguu yake. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Safu ikiwa na urefu wa mita 100, walio mkiani huisikia ngoma ikiwa imechelewa kwa karibu sehemu tatu za kumi za sekunde, na wakiifuata kwa masikio tu, hatua zao hazitalingana na za walio mbele.

Katika kompyuta hutokea vivyo hivyo. Mwimbaji anapotaka kujisikia katika vipokea sauti vya masikioni, sauti yake huingia kwenye kompyuta, husubiri ifanyiwe hesabu, kisha hutoka. Programu humruhusu mtumiaji kuchagua ni vipimo vingapi vikusanywe kabla ya kuhesabiwa. Ukichagua vipimo 256 kwa kasi ya 48,000, sauti husubiri kama milisekunde 5 wakati wa kuingia na kiasi hicho tena wakati wa kutoka. Hilo huvumilika. Ukichagua 1,024, husubiri kama milisekunde 21 kila upande, na mwimbaji atajihisi kama mtu anayebishana na mwangwi wa pango.

Je, dawa ni kununua kompyuta yenye nguvu zaidi? Si lazima. Visanduku vingi vya kuunganishia kipaza sauti vina kitufe kinachomwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja bila sauti yake kupitia kwanza kwenye kompyuta. Kwa kitufe hicho, kompyuta ya kadiri humtumikia mwimbaji sawasawa na ile ya gharama. Wauzaji wachache watakueleza hivyo.

KIPAZA SAUTI NA CHUMBA

Tundu dogo la kipaza sauti lililo ubavuni mwa kompyuta lilikusudiwa mazungumzo ya simu, si kazi ya kuhifadhi. Njia nzuri ni mojawapo ya hizi mbili: kipaza sauti chenye waya wa USB kinachochomekwa moja kwa moja, au kisanduku cha sauti cha USB kinachopokea kipaza sauti cha kawaida cha waya mnene. Ya kwanza ni rahisi na nafuu. Ya pili huruhusu kuongeza na kubadilisha vifaa baadaye. Basi hakikisha kompyuta ina matundu ya USB yasiyopungua mawili yaliyo imara. Chomeka kitu na ukitikise polepole: kama mawasiliano yanakatika, tundu limechoka.

Vipaza sauti viko vya aina mbili kuu. Kile chenye hisia kali huhitaji umeme, kwa kawaida wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku, na hunasa hata pumzi na mlio wa kiti. Kile cha kawaida, kama vinavyotumiwa na wahubiri na waimbaji jukwaani, hunasa zaidi kilicho karibu. Kwa nyumba za kambini zenye majirani ubavuni na bati juu, kile cha pili mara nyingi ndicho kifaacho, ijapokuwa cha kwanza husifiwa zaidi.

Mzungumzaji akae shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti. Akisogea mbali mara mbili, nguvu ya sauti yake inayofika hushuka hadi robo, huku kelele za chumba zikibaki vilevile. Kompyuta iwe nyuma ya kipaza sauti, mbali kadiri waya unavyoruhusu. Chumba cha kulala ndicho bora, kwa kuwa godoro, mapazia, nguo zilizotundikwa na blanketi mlangoni hunyonya mwangwi bila gharama yoyote. Jokofu lizimwe kwa muda, lakini mtu apewe kazi ya kukumbuka kuliwasha tena, nyama isije ikaharibika.

UKINUNUA ILIYOTUMIKA

Kununua kompyuta iliyotumika si aibu, bali ni busara, ikiwa mnunuzi ana macho. Zile zilizokuwa za ofisi kubwa huwa na mwili imara, na kwa fedha hiyohiyo utapata zaidi kuliko mpya dhaifu. Lakini yapo mambo ya kuangalia.

Mosi, umri wa kichakataji. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa taratibu za Microsoft, huhitaji kwa jumla vichakataji vya Intel Core vya kizazi cha 8, vilivyoanza kutoka mwaka 2017, au vipya zaidi. Zitazame namba: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, lakini i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Kompyuta ya kizazi cha 6 haijafa. Yaweza kuwekewa mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, au ikatumika kunasia sauti pekee bila kuunganishwa na intaneti. Lakini isiuzwe kwako kwa bei ya ile ya kizazi cha 8.

Pili, betri. Ichomoe chaja na uone kama inadumu angalau saa moja.

Tatu, kufuli. Iwashe mwenyewe na uhakikishe haidai nywila ya kampuni au ya mtu mwingine. Kompyuta za Apple zilizofungwa kwa akaunti ya mwenyewe hazina faida kwa mnunuzi.

Nne, asili yake. Dai risiti na jina la aliyeuza. Nyumba ya askari wa ulinzi au polisi ndiyo iwe ya mwisho kabisa kuonekana na mali ya wizi. Bei ikiwa ya ajabu, jiulize kwanza kabla hujashukuru.

PROGRAMU ZA BURE ZIPO

Hakuna sababu ya kuiba programu. Audacity, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2000, ni ya bure hadi leo, nayo hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Kwa masimulizi na sauti chache, inatosha kabisa. Mwenye kompyuta ya Apple atapata GarageBand, iliyotoka mwaka 2004, bila malipo. Programu zilizovunjwa kufuli ambazo vijana hupeana katika flashi mara nyingi huja na virusi, na virusi hawachagui kati ya wimbo wa kwaya na barua za familia.

Na kwa asiye na uwezo wa kununua kompyuta sasa hivi, neno la ukweli ni hili: simu aliyo nayo mfukoni ni kompyuta. Ikiwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri moja na nusu kutoka kwa msemaji, katika chumba kimya, huku imezuiwa isipokee simu wala ujumbe, itanasa masimulizi kwa namna ya kuridhisha. Mzee mwenye miaka themanini asingojeshwe mpaka mwisho wa mwaka kwa ajili ya kompyuta.

UMEME NA UPANGAJI WA FEDHA

Kwa hali ya umeme wetu, kompyuta ya mkononi ni bora kuliko ya mezani. Umeme ukikatika katikati ya masimulizi, betri hushika zamu na kazi haipotei. Tena kuna siri nyingine: chaja nyingi huingiza mlio mwembamba kama wa nyuki katika sauti inayonaswa. Jaza betri kwanza, chomoa chaja, kisha nasa. Mara nyingi nyuki huondoka.

Kuhusu fedha, mwandishi anapendekeza mgawanyo ufuatao. Gawa fungu lako mara kumi. Sehemu tano ziende kwenye kompyuta, mbili kwenye kipaza sauti pamoja na kisanduku chake, moja kwenye vipokea sauti vizuri vinavyofunika masikio, moja kwenye diski ya nje ya kutunzia nakala, na moja ibaki kwa waya, stendi na dharura. Mwenye kutumia zote kumi kwenye kompyuta amenunua jiko kubwa na kukosa sufuria.

NAKALA MOJA SI NAKALA

Tumefika kwenye jambo ambalo wengi hulipuuza hadi siku ya machozi. Jirani mmoja wa mwandishi, koplo mstaafu, alimnasa mama yake mzazi kwa jioni nne mfululizo, akisimulia ukoo wao tangu ulipovuka mto Nile, pamoja na nyimbo za mavuno ambazo hakuna mwingine nyumbani aliyezijua zote. Kompyuta yake ilikuwa ndogo, ya zamani, na kimya. Jioni mbili za kwanza alimpa dada yake katika flashi, apate kuzisikiliza. Mbili za mwisho zilibaki ndani ya kompyuta. Wezi walipoingia nyumbani, waliichukua pamoja na redio na viatu. Mama alifariki miezi mitano baadaye. Leo wajukuu wanaujua ukoo wao hadi pale bibi aliposema kwamba kesho ataendelea.

Kompyuta ile labda iliuzwa kwa bei ya mbuzi wawili. Kilichokuwa ndani yake hakina bei.

Basi ifuatwe kanuni hii: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Ya kwanza ibaki katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, ya tatu kwa ndugu aliye mji mwingine au katika hifadhi ya intaneti. Ifanyike usiku uleule wa kunasa, kabla ya kulala. Faili asilia ihifadhiwe kwa mtindo wa WAV, usiopunguza chochote. Ile ya MP3 iwe ya kutumiana kwa simu tu, kwani huipunguza sauti ili iwe nyepesi. Na kila faili ipewe jina linaloeleweka: mwaka, mwezi, tarehe, jina la msemaji na mahali. Faili iliyoitwa «sauti mpya 3» haitamfaa mjukuu mwaka 2060.

Tena, ndugu zangu wa vikosi, tusisahau wajibu wetu. Kinasa sauti cha nyumbani ni kwa mambo ya nyumbani. Mambo ya zamu, safari za kikosi na mazungumzo ya kazi yasinaswe wala yasitumwe. Na mzee anaponaswa aombwe ruhusa kwanza, aelezwe nani atasikiliza. Yapo mambo ya ukoo ambayo yeye peke yake ana haki ya kuamua yasitoke nje ya boma.

KWA UFUPI

Anayetaka kununua na aende dukani na maswali haya: Je, iko kimya baada ya robo saa ya kazi? Je, ina diski ya SSD? Je, kumbukumbu ni gigabaiti 8 au zaidi? Je, matundu ya USB ni imara? Je, betri inadumu? Je, kichakataji kinaukubali mfumo wa sasa? Je, karatasi zake ni halali? Na swali la nane, analopaswa kujiuliza mwenyewe: je, nimebakiza fedha ya kipaza sauti na ya diski ya nakala?

Akipata majibu mema, ainunue bila kuionea haya, hata kama rangi yake imepauka na jirani ana iliyo kubwa zaidi. Kisha jioni hiyohiyo amwite mzee, amwekee kiti, afunge dirisha, na amwombe aanze kusimulia.